Yudith, Mdomo wa Kelembwa

Kijijini Kelembwa, huko Usandawe, mtu akitaka kusema na serikali alikwenda kwanza kwa Yudith. Si kwamba alikuwa na cheo. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, akiitwa Gideoni, mtu mpole aliyevaa koti hata jua likiwa kali. Lakini wageni wakija, Gideoni mwenyewe ndiye aliyetuma mtu akamwite Yudith, maana Kiswahili chake yeye mwenyekiti kilitosha kusalimia na kuuzia mbuzi tu. Mazungumzo yakifika kwenye sheria na mipango, kilimkauka.

Yudith alikipata Kiswahili kwenye zahanati ya misheni. Alipomaliza darasa la saba masista walimchukua afagie na kuchemsha sindano. Muuguzi wa pale, Cecilia, alitoka mbali na hakujua neno hata moja la Kisandawe. Zile sauti za kugonga ulimi kaakaani zilimshinda kabisa. Basi kila mgonjwa alipoingia Yudith aliitwa aache ufagio. "Muulize inauma wapi. Muulize imeanza lini." Yudith aliuliza, akasikiliza, akasema kwa Kiswahili. Usichana wake wote ulipita katika kazi hiyo ya kuchukua maumivu ya watu kwenye lugha moja na kuyatua kwenye nyingine. Aliifanya vizuri. Wazee waliporudi kutoka zahanati walisema yule binti anasema kile ulichokisema, haongezi wala hapunguzi, na wakaanza kumwita Mdomo. Lilikuwa jina la heshima wakati ule.

Akaolewa na Filipo, mrina asali. Filipo alikuwa mtu wa pori la ng'ambo ya korongo. Wazazi wake waliishi huko huko kwenye miteremko ya kilima mpaka ilipokuja operesheni ya vijiji, wakahamishwa na kupangwa kwa mistari Kelembwa. Nyumba zilihama, ila mizinga haikuhama, wala mapango ya ukoo hayakuhama. Kila mwaka kabla ya mvua baba yake mdogo Filipo, mzee Bartolomayo, aliwaongoza watu wa ukoo kwenda kutambika kwenye yale mapango. Jumapili walikwenda kanisani kama kawaida. Hawakuona kwamba moja linazuia jingine, na padre alikuwa ameacha kuuliza.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa umepita ndipo walipokuja ofisa kutoka wilayani na mtu wa kampuni ya uwindaji. Siku hizo redio zilikuwa zikisema soko huria, soko huria, na Kelembwa walidhani ni habari za maduka ya mjini. Mkutano ukaitwa uwanja wa shule. Yudith akasimama kando ya ofisa, mtoto wake Anitha akiwa mgongoni, na kazi ikaanza.

"Ndugu wananchi," ofisa akasema, "pori lile sasa ni kitalu cha uwindaji. Serikali imempa mwekezaji. Ninyi mtashirikishwa katika kila hatua, na mtanufaika."

Kitalu alichokijua Yudith kilikuwa cha miche, pale misheni. Neno mwekezaji alikuwa hajawahi kulitamka. Na hilo mtashirikishwa alilizungusha kichwani upande huu na upande huu, asipate mwenzake katika Kisandawe. Watu walikuwa wakimtazama wakingoja. Akasema kwa lugha yao: "Anasema pori wamepewa watu watakaokuja kuwinda. Kila wakitaka kufanya jambo huko, watakuja kutuuliza kwanza. Na sisi tutapata sehemu yetu."

Bartolomayo akanyoosha mkono. "Muulize, mizinga yetu je? Na mapango?"

Yudith akauliza. Ofisa akatazama saa yake. "Hayo ni masuala ya utekelezaji. Yatazungumzwa."

"Anasema watakuja tuyazungumze," Yudith akawaambia.

Wazee waliangaliana wakaridhika. Mtu anayesema atakuja kuuliza si mtu mbaya. Mikono ikanyooshwa, Gideoni akashukuru kwa niaba ya kijiji, gari likaondoka na vumbi lake.

Hakuja mtu kuuliza. Kiangazi kile yalitokea mawe yaliyopakwa chokaa, yakafuata ukingo wa korongo kutoka juu hadi chini. Baadaye zikaja hema, na askari wenye bunduki, na Lameck, mdogo wake Filipo, akapata kazi ya kubeba maji kambini.

Msimu wa asali ulipofika Filipo alianza kunoa shoka lake. Yudith alikuwa anapeta uwele.

"Baba Anitha, yale mawe meupe umeyaona."

"Nimeyaona. Wewe ulituambia watakuja kuuliza. Wamekuja?"

"Hawajaja."

"Basi bado hawajachukua," Filipo akasema, akaendelea kunoa.

Kwa jinsi Yudith alivyowaeleza yeye mwenyewe, mumewe alikuwa sahihi.

Filipo alikamatwa akiwa na upinde, debe la asali na digidigi mmoja. Lameck ndiye aliyeleta habari, akilia. Walimpeleka wilayani kwenye gari la kampuni, na Yudith akafuata kwa lori la mahindi.

Siku ya kesi aliketi benchi la nyuma. Mashtaka yakasomwa kwa Kiswahili cha haraka, na hakimu akamuuliza Filipo kama ameelewa. Filipo alimtazama mkewe. Yudith akasimama.

"Shikamoo mheshimiwa. Yeye Kiswahili hakimtoshi. Naweza kumtafsiria."

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni mke wake."

"Mke hawezi kumtafsiria mumewe. Keti, mama."

Hakimu hakusema kwa ubaya. Huenda ndivyo sheria ilivyo. Wakatafuta mtu mwingine. Wakampata Shaaban, mlinzi wa lango, ambaye zamani aliwahi kununua mbuzi Usandawe. Akaulizwa kama anaijua lugha. Akasema anaijua kidogo. Akaambiwa inatosha.

Shaaban alimuuliza Filipo kitu ambacho, kwa Kisandawe chake cha mnadani, kilitoka kama: wewe, porini, kwenda? Filipo akavuta pumzi, akaanza kusema. Alisema pori lile alizaliwa ndani yake, na mama yake kadhalika. Mizinga mingine ilitundikwa na babu ambaye yeye hakumkuta. Walielezwa kwamba wataulizwa, hawakuulizwa, na mtu hawezi kuiba kitu ambacho hajaambiwa kwamba si chake tena. Digidigi alimpiga kwa sababu alikuwa na safari ya siku kadhaa na alihitaji kula. Alisema taratibu, kama watu wao wanavyosema mbele ya wazee, kila jambo likipewa nafasi yake. Yudith alikuwa hajawahi kumsikia akizungumza vizuri namna ile.

Alipomaliza, Shaaban akageukia meza. "Anakubali, mheshimiwa."

"Hakusema hivyo," Yudith akasema.

Akaambiwa akae au atoke nje. Akaketi. Ilitajwa faini ambayo Kelembwa nzima isingeifikia, au kifungo, kwa hiyo ilikuwa kifungo. Filipo alipokuwa anatolewa alionekana kuwa na amani, kwa maana aliamini amesikilizwa.

Kurudi nyumbani Yudith alikaa juu ya magunia matupu ya lile lori, akirudia maneno ya mumewe kimoyomoyo. Kwanza kwa Kisandawe, ili asiyasahau. Halafu kwa Kiswahili, akichagua neno moja baada ya jingine, akilibadilisha, akilirudisha. Aliendelea hivyo kwa miezi, shambani na kisimani, mpaka hotuba ya Filipo ikakaa sawa katika Kiswahili kama ilivyokaa katika lugha yake. Alichokosa ni mtu wa kumwambia.

Akaja Respicius. Alikuwa kijana mwenye miwani, mtu wa Bukoba, anayefanya kazi kwenye asasi moja ya mjini Dodoma. Miaka ile asasi zilikuwa zikichipuka kama uyoga. Alifika Kelembwa kutafuta habari za makabila madogo, Gideoni akamleta kwa Yudith. Alisikiliza habari yote ya Filipo, na akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli.

"Mama, sauti yako inatakiwa isikike," akasema. "Tuna semina mwezi ujao. Utazungumza mbele ya watu wakubwa."

Kijiji kilimwandaa. Bartolomayo, ambaye hakuwa mtu wa kutoa kitu ovyo, alimpa kuku auze apate nauli ya akiba. Wanawake walimsuka. Anitha aliachwa kwa shangazi yake.

Ukumbini Dodoma kulikuwa na kitambaa kilichoandikwa Utambulisho, Haki na Maendeleo ya Jamii za Pembezoni. Yudith aliyasoma maneno yale polepole, akajaribu kuyageuza Kisandawe kwa mazoea, akakwama kwenye pembezoni. Pembezoni mwa nini? Kwao palikuwa katikati. Waliokaa ukumbini wengi walikuwa watumishi wa ofisi na wanafunzi wa chuo. Walikuwepo Wabarbaig wawili waliovaa mashuka yao, na kijana mmoja wa Kihadza aliyechagua kiti cha karibu na mlango.

Wakati wa kujitambulisha Respicius alisema, "Mama Yudith ametoka Usandawe. Mama, hebu wasalimie washiriki kwa Kisandawe."

Akawasalimia. Ukumbi mzima ukachangamka. Hawakumdhihaki, walifurahi kama watu wanaosikia ndege wasiyemjua. "Rudia, mama," mmoja akaomba. Akarudia. Wakapiga makofi. Wakati wa chai binti mmoja wa chuo alimwomba amwonyeshe ulimi unakaa wapi, akajaribu, akashindwa, akacheka akamshika bega.

Zamu yake ya kuzungumza iliwekwa baada ya chakula cha mchana. Mgeni rasmi alichelewa, na alipofika ratiba ikapangwa upya ili asome hotuba yake. Yudith alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, maneno ya Filipo yakiwa tayari mdomoni. Aliona kivuli cha dirisha kikihama kutoka meza moja hadi nyingine. Mwishowe mwendesha semina alishika kipaza sauti. "Kwa kuwa muda hauturuhusu, wasilisho la Mama Yudith litaingizwa kwenye ripoti."

Yudith alimfuata Respicius nje. "Ripoti itasomwa na nani?"

"Na wafadhili, mama."

"Hao wafadhili wanaweza kumtoa Filipo?"

Respicius aliangalia viatu vyake. "Hapana, mama. Ila watajua."

Palikuwa na mwanasheria pale, Dorothea, mwanamke wa makamo. Respicius alimwomba amsikilize. Dorothea aliuliza tarehe ya hukumu, akahesabu, akasema muda wa kukata rufaa umeshapita. Labda maombi maalumu, lakini angehitaji wakili, na mwenendo wa kesi ungeonyesha kwamba mshtakiwa alikiri.

"Ungesema mapema, mama."

"Nilisema," Yudith akajibu. "Niliambiwa nikae."

Alirudi Kelembwa na kofia na mkoba wa kitambaa wenye maandishi yale yale ya ukumbini. Watu walimpokea njiani. Walipoona kile alichobeba walimtazama usoni, wakatazama mkoba, wakamtazama tena. Katika siku chache habari ilikuwa imezunguka kwamba Yudith amelipwa. Mwingine alisema alilipwa tangu siku ya mkutano wa shule, na kwamba ndiyo maana mumewe alikamatwa yeye asikamatwe, jambo ambalo halikuwa na mantiki yoyote lakini liliaminiwa.

Bartolomayo alimwita uani kwake.

"Mwanangu, ulitueleza kwamba watakuja kutuuliza. Ulikuwa mdomo wao au wetu?"

"Baba, neno walilosema halipo kwetu. Nilitafuta la karibu."

"Lilikuwa la karibu?"

Yudith alifikiri kwa uaminifu, kama alivyozoeshwa zahanati. "Sasa naona halikuwa karibu. Lilikuwa neno la kwao lisilo na kitu ndani. Nikalitia kitu."

"Lakini sisi tulilisikia kutoka kwako," Bartolomayo akasema. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

Filipo aliachiwa kabla ya muda wake kwa sababu ya kifua. Alishuka kwenye lori akiwa mwembamba, shati likimpwaya kama limetundikwa kwenye mti. Zahanati ya misheni ilikuwa bado ipo, ila Cecilia alikwishahamishwa, na sasa kila mtu alitakiwa kuchangia kabla ya kuonwa. Alipewa vidonge, vikamsaidia kidogo, vikaisha. Alishinda ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa tembe, ametazama upande wa kilima. Anitha alipenda kukaa naye. Yeye peke yake hakumwona kama mtu aliyeshindwa.

Siku moja alimuuliza mkewe, "Yule mlinzi, nilipomaliza kusema, aliwaambia nini? Nilisema mengi, yeye alisema kidogo sana."

Yudith alikuwa amelificha jambo hilo tangu siku ya kesi. Lakini hakuwahi kujifunza kupunguza. "Aliwaambia unakubali."

"Yote yale?"

"Yote yale."

Filipo alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, Yudith akamwinamisha na kumpiga mgongo, na kilipotulia machozi yalikuwa yanamtoka na bado anacheka kidogo. Hakulizungumza tena jambo lile. Alifariki mvua zilipokuwa zimechelewa, na uwele uliopandwa ukiwa umekauka ungali mchanga.

Walimzika nyuma ya nyumba. Bartolomayo akasema marehemu alikuwa mtu wa mapango, na lazima ukoo uende ukaseme na wazee wa huko kwamba mwenzao anakuja. Ikabidi kwenda kambini kuomba ruhusa. Pamoja na yote yaliyosemwa juu yake, hakukuwa na mwingine wa kutuma. Yudith akajifunga khanga nyeusi, akaenda na Gideoni.

Msimamizi wa kambi aliitwa Cornel. Aliwapa viti, akawapa maji, akatoa pole kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Mama, ningekuwa na uwezo ningewaruhusu. Lakini wageni wako kilimani wiki hii, wanapiga huko huko. Mtu akipigwa risasi, mimi ndiye nitakayefungwa."

"Na wiki ijayo?"

"Wiki ijayo wanakuja wengine. Msimu ndio huu."

Walipokuwa wanaondoka Cornel aliwaita. Alimwagiza Lameck alete gunia. Ndani kulikuwa na mguu wa pofu, swala yule mkubwa, aliyepigwa asubuhi, bado una joto. "Kwa ajili ya waombolezaji," akasema. Gideoni alishukuru akajitwika. Yudith alitangulia mbele njia nzima asigeuke nyuma.

Nyumbani watu walikuwa wengi na chakula hakikuwepo. Wanawake waliikata ile nyama wakaibandika jikoni bila kuuliza imetoka wapi. Kila mtu alijua. Wazee walikula, watoto walikula. Bartolomayo aliketi kando muda mrefu, kisha naye akanyoosha mkono kwenye sinia. Yudith alikula. Alikuwa na njaa, na nyama ilikuwa nzuri.

Mwaka uliofuata Bartolomayo naye akafa, akiwa na maneno ya kutambikia ambayo hakuwa amemfundisha mtu, maana alingoja waruhusiwe kwenda mahali pa kuyafundishia. Mvua zikaja kwa ghadhabu, zikabomoa nyumba na kuzoa kile ambacho ukame ulikuwa umekiacha. Familia kadhaa zilihama Kelembwa zikaenda kukaa kando ya barabara kuu, karibu na mnada, ambako angalau lori la mahindi ya msaada lilipita. Yudith na Anitha walikuwa miongoni mwao. Huko waliishi Warangi, Wagogo, Waburunge na wafanyabiashara wa kila namna. Hakuna aliyemwita Mdomo. Alikodi kipande cha shamba, akauza karanga siku za mnada.

Anitha alianza shule pale. Aliingia darasani siku ya kwanza akatoka na jina la utani, la kuiga ile sauti ya ulimi. Hakumwambia mama yake. Yudith alilisikia mwenyewe, siku wenzake walipokuwa wakimpigia kelele njiani. Baada ya hapo, kila mama alipomsemesha Kisandawe, mtoto alijibu kwa Kiswahili. Mwanzoni Yudith alingoja, akidhani itapita. Kisha akaacha kungoja, akawa anamsemesha Kiswahili yeye pia, Kiswahili chake kile kizuri cha zahanati, na nyumba yao ikawa na lugha moja.

Siku moja ya mnada, Anitha akiwa tayari msichana wa darasa la sita, walisimama kwenye kibanda cha mama mmoja muuza chumvi na magadi. Mama yule alimpenda Anitha kwa adabu yake.

"Shikamoo mama," Anitha alikuwa amemsalimia.

"Marahaba mwanangu. Nyie kabila gani?"

"Sisi Warangi," Anitha akasema haraka, bila kumtazama mama yake.

Uso wa yule mama ukakunjuka kwa furaha. Naye alikuwa Mrangi. Akamgeukia Anitha akamwuliza kitu kwa Kirangi, kitu cha kawaida tu, kwenu ni wapi au baba yako nani. Anitha hakuelewa. Alibaki na mdomo wazi, na wanunuzi wengine wakawa wanasikiliza.

Kirangi cha kuombea maji na kununulia chumvi Yudith alikuwa nacho, kama watu wengi wa kule. Akasogea mbele kidogo, akamjibu yule mama kwa Kirangi. Alimwambia mtoto amekulia mbali na nyumbani, kwa watu wengine, ndiyo maana lugha imempotea. Alisema vizuri, bila kusitasita.

Yule mama akasikitika, akasema watoto wa siku hizi ndivyo walivyo, akaongeza chumvi kidogo juu ya kipimo. Anitha aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye kikapu. Wakapita katikati ya watu na ng'ombe, mtoto mbele, mama nyuma, wakaenda kutandika karanga zao kabla jua halijawa kali.